Kaburi la Mzungu Kilimani

Hapana, sikuwa nimelewa, hata togwa sikuonja. Nilikuwa na akili zangu zote, ndiyo aibu yenyewe.

Mjukuu wangu Zainabu kaposwa Nachingwea. Juzi mama wa bwana harusi kaja kututazama, anasema kwa pua: "Kwetu gari moshi lipo, matrekta yapo. Ninyi huku Mbwemkuru mna nini?"

Nikaona posa inaponyoka. Nikamjibu, "Sisi tuna kaburi la Mzungu."

Si lipo? Wazungu wa mashamba ya karanga walipanda kilimani na mafundi wao na saruji, wakashuka kimya, wamenuna. Nikaenda kuchungulia, nikakuta kijiguzo kimepakwa chokaa na kuandikwa. Nikajua mwenzao kalala hapo. Tangu siku hiyo nampelekea unga wa mtama, kama tunavyowapelekea wazee wetu waliotangulia.

Basi nikampandisha mama wa watu. Nikamvua viatu, nikamwaga unga, nikalia, "Yuwii, mwana wa wenyewe, umefia ugenini!" Naye akalia machozi ya kweli, kapiga magoti na khanga yake mpya.

Mara akaja fundi wao mmoja wa kupima mashamba na chombo chake cha miguu mitatu. Akapangusa unga wetu, akakitanua juu ya marehemu.

"Mama zangu, mnamlilia nani? Alama ya kupimia hii, nimeijenga mimi."

Mama wa bwana harusi akainuka, akavaa viatu.

"Zainabu wenu abaki. Ukoo unaolilia saruji siuchanganyi na wangu."