Inua Mkono

Dada yangu hajawahi kumwambia mwanamke "umependeza" kabla hajamwambia "inua mkono." Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Inua Mkono, na watoto wa jirani wakimwona tu anapita, wananyoosha mikono juu kama waliokamatwa na askari.

Ukija kwake na gauni jipya, umejipara, unasubiri sifa, yeye anakutazama kuanzia utosini hadi unyayoni, kisha anaanza. Inua mkono kama unayeshusha sufuria kabatini. Kaa. Inama ufunge kiatu. Haya, sasa vuta pumzi. Gauni likipanda mapajani au likikukaba kwapani, hamung'unyi maneno: hilo ni gauni la kusimama nalo, na wewe si sanamu ya dirisha la duka.

Mimi ni mdogo wake, nimemfuata ziwa, lakini tabia tuligawana vibaya. Yeye mpole mpaka anakera. Mimi sina simile. Naandika haya kwa sababu yeye hajui kujisifu, na mimi najua.

Miaka kumi na moja alifanya kazi nyuma ya pazia katika duka la nguo la mama mmoja ambaye sisi tulimwita Mkufu, kwa sababu ya dhahabu aliyoivaa hata siku ya kupakua mizigo. Kazi ya dada ilikuwa kupiga magoti na pini mdomoni, kupima pindo. Kazi ya Mkufu ilikuwa kusema "imekukaa." Kila nguo kwake ilimkaa kila mtu. Hata zipu ikihitaji watu wawili kuipandisha, imekukaa.

Siku moja akaja mwalimu aliyekuwa anarudi kazini baada ya kujifungua. Alichagua suti nyekundu, akaivaa, akawa anajitazama kwenye kioo kwa huzuni, maana mwili haukuwa ule wa zamani. Dada, pale chini alipopiga magoti, akamwomba ainue mkono kama anayeandika ubaoni. Koti lote likapanda mpaka mbavuni. Akamuuliza nyumbani ana nini. Mwalimu akamtajia koti la kijivu ambalo mabega yake yalimpwaya, na sketi nyeusi iliyombana kiunoni. Dada akamwambia alete vyote viwili, koti lipunguzwe mabega, sketi iachiwe mshono, na ndani avae blauzi ya rangi inayomchangamsha uso, kwa sababu wanafunzi humtazama mwalimu usoni, hawamtazami kiunoni. Mwalimu akaondoka mikono mitupu, anatabasamu.

Mkufu alikuwa upande wa pili wa pazia. Jioni ile ile unga ukamwagika.

Dada akahamishia cherehani yake kwenye baraza la nyumba ya mama yetu. Wanawake wakaja, wengi tu, kisha wakayeyuka. Shida ilikuwa sharti lake. Hakati kitambaa kipya mpaka umletee nguo zako zote za kabatini, zote bila kuficha. Sasa jamani, nani anataka majirani waone zile sketi tatu ambazo hazijapita nyongani tangu harusi yake? Waliothubutu walikaa kwenye mkeka wakazigawa mafungu: nguo unazozivaa, nguo unazozionea huruma, na nguo unazosubiri upungue ndipo uzivae. Lile fungu la tatu ndilo alilolishukia na mkasi. Alifumua, akaongeza vipande, akahamisha vifungo. "Nguo ndiyo ibadilike," aliwaambia, "wewe una kazi zako." Waliotoka pale walitoka na nguo kumi za kuvaa kutoka kabati waliloapa kwamba ni tupu.

Lakini waliothubutu walikuwa wachache. Ukapita mwezi wa nane, na cherehani ikageuka meza ya mama ya kuwekea vikombe. Dada akaanza kusema polepole kwamba kule kiwandani wanatafuta watu wa kufunga maboksi, na kwamba labda Mkufu alikuwa na haki, labda wanawake wanataka kuambiwa imekukaa na basi. Hilo liliniuma kuliko kufukuzwa kwake.

Mimi ni nesi katika wodi ya watoto. Wiki hiyo hiyo Matroni akatuita akatangaza kwamba tutashonewa sare mpya, maana za zamani zilikuwa zimechoka kiasi cha kutia aibu. Mtengenezaji aliyependekezwa alikuwa Mkufu. Nikasimama kabla akili haijaniambia nikae, nikasema dada yangu naye ni fundi. Matroni akaniangalia juu ya miwani, akaamua: kila fundi ashone sare moja, wavaaji wachaguliwe kwa kura, na yeye aone kwa macho yake. Dada alipopata habari alikaa chini. Akaniambia kwamba akikosa hii anaifunga cherehani kwenye gunia na Jumatatu anakwenda kwenye maboksi.

Kura ikapigwa. Sare ya dada ikamwangukia rafiki yangu wa wodi ya wazazi. Ya Mkufu ikaniangukia mimi. Matroni akasema kura ni kura.

Nilikwenda kupimwa dukani asubuhi, kabla ya kula, nimesimama wima kama mlingoti. Na nitakiri hapa, kwa sababu najua siko peke yangu: futi ilipozunguka kiuno, tumbo likaingia ndani lenyewe. Sikulituma. Mkufu akaimba sifa za kiuno changu na msichana wake akaandika namba ambayo sijawahi kuwa nayo tangu niwe mtu mzima.

Dada yeye alikuja wodini saa za kumaliza zamu, futi shingoni. Akamfuata rafiki yangu kitanda kwa kitanda. Alimpima mgongo akiwa ameinama juu ya mgonjwa, akampima mkono ukiwa juu anatundika dripu, akampima kiuno akiwa amekaa, ameshashiba, na anacheka. Wagonjwa walivunjika mbavu. Matroni alipita mlangoni, akasimama kidogo, akaendelea na safari yake.

Siku moja kabla ya maonyesho nilimpelekea dada mpango wangu. Ningenyanyua mikono kwa nguvu, sare ya Mkufu ipasuke vipande viwili, mchezo uishie hapo. Dada akaweka mkasi chini.

"Ukiipasua kwa makusudi, nitakuwa nimeshinda kwa ujanja wako, si kwa mkono wangu," alisema. "Ivae kwa heshima. Tena itunze."

Nilinuna mpaka asubuhi.

Tulikusanyika katika chumba cha mafunzo, chenye kile kitanda ambacho manesi wapya hujifunzia. Sare ya Mkufu ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho, kiuno kimekatwa kikakatika, mfuko hata mmoja hakuna, kwa sababu eti mifuko huharibu umbo. Nilipoingia, manesi wenzangu wakaguna kwa tamaa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipojiona kwenye kioo nilijipenda. Ya dada ilikuwa ya buluu ya kawaida, ina mkunjo mpana mgongoni, mifuko mirefu, na kipande cha ziada cha kitambaa chini ya kila kwapa. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mkufu akaanza kueleza habari za mtindo na hadhi ya hospitali, na niliona kalamu ya Matroni inashuka kuelekea kwenye karatasi.

Dada akaomba jambo moja tu. Tutandike kitanda, mimi upande huu, rafiki yangu upande ule.

Nikaitunza ile sare. Nasema kweli. Nilikunja magoti badala ya mgongo, nikabana viwiko, nikapumua kwa awamu. Mwenzangu upande wa pili alikuwa anafanya kazi kama yuko nyumbani kwake. Ikabaki kona moja ya shuka. Nikanyoosha mkono kuifikia, pumzi ikanitoka, tumbo langu la kweli likarudi mahali pake, na zipu ya mgongoni ikaachia kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Nikakaa kitandani upesi, nikauegemeza mgongo wangu kwenye mto.

Mkufu alikuwa wa kwanza kusema. Akawaambia watu wote kwamba mimi ni ndugu wa fundi mwenzake, na nimefanya makusudi. Mimi niliyeibeba ile nguo kama trei ya mayai! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe vidonge vyake, nikakutana na macho ya dada. Nikaufunga.

Dada hakubisha. Alisogea kitandani, akaivuta ile shuka yote, akamwelekea Mkufu.

"Inawezekana, mama. Basi tumwache yeye," alisema kwa adabu. "Shika wewe upande huu, mimi nishike ule."

Mkufu alikuwa amevaa suti ya dukani kwake, bora kuliko zote. Matroni akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni haki. Basi Mkufu akaishika shuka. Akajaribu kuinama mbele, sketi ikakataa. Akajaribu ubavu, koti likamfunga viwiko. Akajaribu kukunja magoti, akapata nusu, akabaki pale pale ameshika shuka kifuani huku mkufu ukining'inia. Hakuna aliyecheka. Hata mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilimwonea huruma. Mwishowe aliiachia shuka, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye si nesi.

"Ndiyo, si nesi," Matroni akajibu. "Hawa ndio manesi."

Akainuka, akaenda kwa rafiki yangu, akatumbukiza mkono mfukoni mwake mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akatoa mkasi, kalamu, bandeji na pipi ya mtoto, akavirudisha vyote. Kisha akamgeukia dada, akamwambia aanze na yeye Matroni mwenyewe, na ampime akiwa amekaa.

Halafu akatugeukia sisi. "Wanaoitaka hii ya buluu, inueni mkono."

Chumba kizima kikanyanyua. Mikono thelathini na kitu, wengine miwili miwili, hata yule aliyecheka. Dada alisimama katikati, futi shingoni, anatazama mikono yote ile, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. Nami nikasimama na zipu yangu iliyoachia, mto nimeushikilia mgongoni kwa mkono mmoja, ule mwingine nimeunyoosha juu kuliko wote.

Akaniangalia kuanzia utosini hadi unyayoni.

"Umependeza," akasema.