Msomaji Niliyemtoa Kundini

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikitaka kuisahau moyo hunirudisha pale pale. Nilikuwa nimefungua maktaba yetu ndogo kando ya barabara iendayo Msambweni, feni inazunguka, nami nimeinamia simu nikifurahi kwamba kundi letu la wasapu limenyamaza. Nikajipongeza. Nikasema, sasa hili ndilo kundi la maktaba, si kibaraza cha umbea.

Usinicheke. Umri wangu haukuwa mdogo wakati ule, mvi zilikwisha kuanza kuchungulia, lakini katika mambo ya simu nilikuwa kijana kabisa, tena kijana mwenye kiburi. Vitabu vyetu vilikuwa vichache, na wasomaji wengi walikuwa kazini saa ambazo sisi tuko wazi. Basi niliposikia kwamba mtu anaweza kufungua kundi na ukurasa wa feisibuku bila kulipa hata senti, nilivikimbilia vyote. Nikapiga picha majalada ya vitabu vipya, nikatafuta mtandaoni vitabu vya bure, nikatuma karatasi za mitihani ya zamani. Watu wakaja, kutoka Ukunda mpaka huko Msambweni. Wengine mpaka leo hawajakanyaga mlango wa maktaba, lakini walisoma.

Taabu ikawa salamu. Wewe unatujua. Mmoja anaingia na assalamu aleikum, anawaamkia wakubwa shikamoo, anauliza kama mvua imenyesha kwenu, anampa pole aliyefiwa, anamwombea mgonjwa. Halafu kila mmoja lazima aitikie, maana kunyamaza ni utovu wa adabu. Tangazo langu la vitabu linafunikwa hata mimi mwenyewe silioni. Nikakasirika. Nikaandika sheria: hapa ni vitabu tu, salamu zipelekwe kwingine, atakayekaidi atatolewa. Nikaanza kutoa watu, na kusema kweli niliona raha.

Miongoni mwa niliowatoa alikuwamo Riziki, msichana aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja kule Galu. Aliacha shule kwa kukosa karo, na alikuwa akijisomea mwenyewe ili afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Zamu zake hazikumruhusu kuja kwetu, kwa hiyo simu ndiyo ilikuwa maktaba yake. Akipata bando ananitumia picha ya hesabu iliyomkwamisha, nami namtafutia mtu wa kumwelekeza. Siku moja aliandika kundini ujumbe mrefu. Nikaona mwanzoni ‘Assalamu aleikum, shikamooni wazee wangu’, nikaona na pole kwa jirani aliyefiwa, nikamtoa. Sikufika chini.

Muda ukapita, ndipo asubuhi ile niliyokuwa nikijipongeza alipokuja bibi yake kutoka Msambweni, Bi Mejumaa, mama wa Kidigo mwenye sauti ndogo na miguu inayomuuma. Mlango ulikuwa wazi, lakini alibisha hodi akangoja kukaribishwa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Na mama, mguu wake umepata nafuu?”

Nikamjibu moja moja, nikamuuliza na ya kwake, naye akajibu, alhamdulillahi, alhamdulillahi. Hatukukimbizana. Alipotosheka ndipo akanitazama usoni.

“Salamu zangu zote umezipokea,” akasema. “Basi Riziki alikukosea nini?”

Nikaanza kumweleza sheria za kundi. Akaniacha nimalize, kwa upole ulionitia aibu kuliko matusi.

“Sisi hatumwendei mtu tukamtupia shida usoni,” akaniambia. “Kwanza tunamjulia hali. Mjukuu wangu alikuwa akikuuliza siku ya mwisho ya kujiandikisha mtihani, na apeleke hati zipi. Swali lake aliliweka mwisho, kama nilivyomfunza mimi. Wewe ulimfungia mlango akiwa bado anabisha hodi.”

“Mbona hakunipigia simu, bibi?”

“Umtoe mbele za watu, halafu akupigie? Aliona haya.”

Nikautafuta ule ujumbe nikausoma mbele yake. Swali lilikuwa pale, mstari wa mwisho kabisa. Na siku ya kujiandikisha ilikuwa imekwisha kupita.

Nilimrudisha Riziki kundini nikamwomba radhi. Akasema, yamekwisha, mama. Hayakuwa yamekwisha. Kabla ya mtihani wa mwaka mwingine alipata wakala, akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Sisemi kwamba mimi ndiye niliyempeleka, kwao shida zilikuwa nyingi. Lakini mwaka ule alikuwa tayari kwa mtihani, nilizisoma kazi zake, najua, na majuto yangu yamekaa hapo. Hadi leo hunitumia ujumbe. Ananijulia hali, anauliza habari za wasomaji, anauliza kama mvua imenyesha. Nami huusoma mpaka neno la mwisho, kila mara. Hakuna swali tena.

Sasa wewe, mwanangu, umekabidhiwa maktaba ile pamoja na simu yake. Vyombo vya bure vitumie vyote, usiogope. Matangazo yaweke kwenye ukurasa, au yabandike juu ya kundi mahali ambapo mazungumzo hayatayafunika. Asiyeona vizuri mtumie ujumbe wa sauti. Faili kubwa usimtumie mtu anayenunua bando la kutwa, utammalizia. Na picha ya mke wa mtu akisoma, hata ikiwa nzuri vipi, usiirushe kabla mwenyewe hajakuruhusu, maana siku hiyo hiyo utaitwa kikaoni na wazee. Lakini usiwakate watu salamu ili kundi lako lionekane nadhifu. Chombo ndicho kifuate adabu zetu. Mtu akiandika mengi, shuka naye taratibu mpaka chini uone kilichomleta. Na ukimkosea, wewe ndiye umfuate kwao, usingoje bibi yake atoke Msambweni na miguu yake inayouma.

Mola akutilie baraka katika kazi hii. Akupe wasomaji wenye salamu ndefu, na akufikishe kwenye maswali yao kabla hawajaacha kuuliza.