Uso wa Njuki Kwenye Skrini

Wambeti alikuwa amefunga skrini kwenye mazishi ya watu wengi kabla ya kuifunga kwenye mazishi ya ndugu yake.

Watu wa Majimbo, pale mjini Embu, walimjua kwa kazi hiyo. Ukifiwa, unampigia Wambeti simu. Anakuja na skrini yake pana na leptopu, anaisimamisha mbele ya mahema, na hata waliokaa nyuma kabisa wanamwona marehemu akiwa shuleni, akiwa harusini, akiwa amepakata mjukuu. Alianzia kwenye duka la kuchapisha barua na kutoa kopi, akaona makanisa na wafiwa wanatafuta mtu wa skrini, akajinunulia yake polepole. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hilo lilimfaa. Kwenye mazishi hakulia. Alitazama picha, hakutazama watu.

Mdogo wake, Njuki, alikuwa akichimba mawe ya kujengea karibu na Mikinduri, upande wa Meru. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, ukuta wa machimbo ulimwangukia. Wambeti na baba yao mdogo, Gachoki, ndio walioenda mochari kumtambua. Mhudumu alifunua shuka upande wa miguu tu.

"Huku juu msiangalie," aliwaambia. "Nawaomba."

Wambeti aliona kovu la uji uliommwagikia Njuki mguuni utotoni, akaitikia kwa kichwa. Jeneza likafungwa kwa skrubu, wazee wa ukoo wakakubaliana kwamba halitafunguliwa. Mama yao, Alice, aliambiwa maneno machache tu: tumemwona, ni yeye. Hakuuliza zaidi, nao hawakuongeza.

Kuhusu skrini, Gachoki alisema, "Kwani tutaleta mgeni na wewe uko?" Wambeti akakubali. Alifikiri ni afadhali mikono yake iwe na kazi siku hiyo.

Nyumbani kwao ni Mbeere, chini kule kwenye joto na vumbi. Aliteremka kutoka Majimbo kichwa kikiwa kizito kwa kukosa usingizi, na alipofungua mkoba chini ya hema aligundua kwamba kebo yake ya kila siku imebaki mezani. Alikuwa na nyingine tu, ya mtindo wa zamani, yenye skrubu mbili na pini ndogo ndogo kichwani. Pini moja ilikuwa imevunjika. Akaichomeka hivyo hivyo. Skrini ikawaka, akashukuru Mungu, akaiacha na maandishi ya jina la marehemu hadi mchungaji alipomaliza kuomba. Kisha akafungua picha ya kwanza.

Alikuwa ameipiga mwenyewe, Krismasi, Njuki akiwa amesimama mlangoni kwake. Kijana mwembamba, uso mrefu, taya jembamba, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kwenye leptopu alikuwa Njuki. Lakini kwenye skrini alitokea mtu mwingine. Uso ulikuwa umevutwa huku na huku, mashavu yamejaa, pua imelala, macho yamekaa mbalimbali. Mwanamume mnene wa makamo, amevaa shati la Njuki.

Mama Alice, aliyekuwa kiti cha mbele, alisimama.

"Huyo ni nani?"

"Ni picha imeharibika, Mama. Ngoja kidogo nirekebishe."

"Huyo si Njuki." Akawageukia watu. "Huyo si mtoto wangu. Mnazika nani hapa?"

Mwanzoni watu walidhani ni uchungu unaoongea. Lakini sauti yake haikuwa ya kilio. Ilikuwa imechangamka, na hilo ndilo lililomtisha Wambeti. Tangu habari ile ifike, mama yake alikuwa kama mtu aliyelala macho wazi. Sasa alikuwa ameamka.

Lennox, mtu wa spika ambaye alifanya naye kazi mazishi mengi, aliinama karibu yake. "Shida iko wapi?"

"Leptopu haiitambui skrini. Ni hii kebo. Inanipa vipimo vya skrini za kitambo tu, zile nyembamba. Halafu skrini inaivuta picha ndiyo ijae."

"Si uchague kipimo kikubwa?"

Alichagua kikubwa. Skrini ikawa nyeusi, na maneno ya kwamba haiwezi kuonyesha kipimo hicho yakaelea katikati. Akangoja irudi yenyewe. Ilirudi, na yule mtu mnene akarudi nayo. Akakaza skrubu za kebo. Akaichomoa, akaichomeka tena. Vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho.

"Wambeti." Mama yake alikuwa amesimama mbele ya meza. "Wewe ulienda mochari. Ulimwona uso?"

Gachoki alianza kusema kitu, Mama Alice akamnyamazisha kwa kiganja.

"Nimeuliza mtoto wangu. Ulimwona uso?"

Wambeti hakuwahi kumdanganya mama yake kwa jambo kubwa, na hakuweza kuanzia hapo.

"Niliona mguu, Mama. Ule wenye kovu."

"Mguu." Mama Alice alilisema neno hilo polepole. "Mmenipigia simu mkasema mtoto wangu amekufa, na mlichoona ni mguu. Watu wangapi wana makovu miguuni? Fungueni hilo sanduku."

"Mke wa ndugu yangu, tafadhali," Gachoki akasema. "Halifunguliwi."

"Kwa sababu si yeye!"

Akaliendea jeneza. Kabla hawajamfikia, alikuwa ameshapiga magoti, anazungusha skrubu kwa kucha. Ukucha ukakatika. Wanaume wawili wakamshika mikono, naye akawa anawaambia, karibu kwa furaha, kwamba Njuki yuko Mikinduri, yuko kazini, wampigie tu simu.

Hapo ndipo Wambeti alipokumbuka rimoti. Skrini yenyewe ingeweza kuambiwa isiivute picha, iiache nyembamba ilivyokuja, na weusi ubaki pande zote mbili. Ilikuwa ni kubonyeza tu. Aliishika rimoti mkononi, asiibonyeze. Alimtazama mama yake, lile joto lililorudi usoni mwake. Angeweza kuzima kila kitu. Lakini damu ya ukucha ilikuwa imeshachafua kifuniko, na wale wanaume walikuwa wanaanza kuchoka.

Akabonyeza.

Mashavu yaliingia ndani. Taya likawa jembamba. Macho yakasogeleana, na Njuki akasimama mlangoni, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mama," Wambeti akasema. "Angalia."

Mama Alice aligeuka. Alitazama kwa muda mrefu. Wale wanaume walimwachilia, kwa sababu mikono yake ilikuwa imelegea. Akakaa chini kwenye vumbi kando ya jeneza.

"Ni yeye," akasema. Kisha, bila kumtazama bintiye: "Zima."

Walimzika bila picha nyingine.

Wambeti hakuacha kazi. Siku hizi, kabla watu hawajakaa, humwita mmoja wa familia asimame mbele ya skrini aangalie uso wa marehemu. Hasemi sababu. Lakini mazishi yaliyo na jeneza lililofungwa hayachukui; humwelekeza mteja kwa mtu mwingine.

Kwa mama yake huenda kila akipata nafasi. Hukaa uani wakichambua ndengu, wakizungumza juu ya mvua na mbuzi. Njuki hatajwi. Mara moja tu, wakati wa mavuno, Mama Alice alisimamisha mikono juu ya ungo.

"Ile picha ya kwanza," akasema. "Ile iliyoharibika. Bado unayo?"

"Haikuwa picha, Mama. Ilikuwa ni skrini."

"Nilikuwa nataka kuiona tena."

Wambeti alisema haiwezekani. Mama yake akaitikia, akapuliza makapi, wakaendelea hadi ungo ukaisha.