Ng'ombe Yuko Chini ya Fisi

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, basi. Lakini ukuta ninaujua. Kwetu Mbozi nilikozaliwa, ukuta wangu ulikuwa unasimamisha watu njiani. Udongo mweupe wa mtoni, mwekundu wa kichuguu, masizi ya chungu, na kinyesi cha ng'ombe kidogo ili ushike. Juu yake nilichora kanga, fisi, hata mbwa wa jirani mwenye sikio moja. Nilipohamia Tunduma niliendelea, ingawa nyumba ni ya tofali na wanangu walilalamika kwamba naichafua.

Mjukuu wangu hakulalamika. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Vwawa. Namwita mke mwenzangu, maana babu yake marehemu alimwita mchumba. Siku moja akaniambia, "Bibi, tufanye maonyesho. Picha zako peke yako, wanyama watupu." Akaniletea vipande kumi na viwili vya plaiwudi vilivyotoka kwenye makasha ya mizigo mpakani. Nikavipaka udongo, nikachora kwa kidole na kwa gunzi la mahindi.

Mjukuu wangu alimpenda ng'ombe kuliko wote. Nilimchora kama wale niliowaona Ivuna, analamba chumvi ardhini, mkia umesimama. Akampiga picha kwa simu, akamweka kwenye kadi za mwaliko, akazigawa kanisani, maofisini na kwa walimu wenzake. Mwalimu mkuu wake akaishika kadi mbele ya watu akacheka. "Bibi yako anachora? Haya, tutakuja kuona hayo matope." Mjukuu wangu akamjibu, "Njooni mumwone ng'ombe huyu. Mkimwona mtanyamaza." Aliponisimulia alijichekesha, lakini nilimjua, ameumia.

Alhamisi alfajiri akapiga simu. "Bibi, wageni ni keshokutwa. Kesho nakuja na gari kuzibeba picha. Ziandae."

Nikaziandaa. Mama yangu alinifunza hivi: mgeni akitajwa, ukuta unapakwa upya. Ukimkaribisha kwenye ukuta wa zamani, ni kama umemwambia hukumtarajia. Basi nikakoroga udongo asubuhi, nikafunika picha zote kumi na mbili, nikazianika. Jua lilikuwa kali. Mchana nikachora upya, na siku ile mkono ulikuwa mwepesi, sidanganyi. Pale alipokuwa ng'ombe nikaweka fisi. Fisi kweli huyo! Mabega juu, matako chini, anageuka nyuma kama mwizi wa kuku.

Ijumaa mjukuu wangu akaingia uani akasimama kama amepigwa na shoti.

"Bibi. Ng'ombe yuko wapi?"

"Yuko chini ya fisi."

"Chini ya fisi, wapi?"

"Hapo hapo. Nimepaka juu yake."

Akaketi kwenye kinu. "Zote?"

"Sasa ningebagua? Kwani wageni wako ni wa picha moja?"

"Bibi, picha haipakwi upya! Picha inakaa!"

"Inakaa mpaka lini?"

"Milele!"

"Mke mwenzangu, hata babu yako hakukaa milele."

Hakucheka. Alilia. Akasema mkuu wake atakuja na kadi mkononi kumtafuta ng'ombe, atamfanya kichekesho cha shule nzima, afadhali maonyesho yaahirishwe. Hapo nikajua nimeharibu, na sikujitetea. Nikachovya kitambaa kwenye maji nimfute fisi, labda ng'ombe atatokea. Akaudaka mkono wangu.

"Acha! Utawaua wote wawili."

Akabaki ameushika, anamtazama yule fisi. Alimtazama sana.

"Bibi, huyu fisi ni mzuri kuliko ng'ombe."

"Najua," nikasema. "Pakia kwenye gari."

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mbele na kitenge changu kipya, kama mama wa bwana harusi. Mwalimu mkuu akaingia, akazunguka na kadi yake, akaita kwa sauti ya paredi:

"Mwalimu! Mbona ng'ombe wetu simwoni? Au ameuzwa mnadani?"

Watu wakacheka. Mjukuu wangu akageukia kwangu. Nikainuka.

"Shikamoo, bibi," mkuu akasema.

"Marahaba. Ng'ombe unayemtafuta yuko chini ya huyo fisi. Nilisikia unakuja, nikakupakia upya. Ulitaka nikukaribishe kwa ukuta wa zamani? Mimi sikulelewa hivyo."

Nyuma kabisa mama mmoja wa makamo akaitikia, "Ni kweli jamani, hata kwetu ndivyo."

Mkuu akatazama kadi. Akamtazama fisi. Akarudi kwenye kadi. Alinyamaza, na mjukuu wangu alimwona akinyamaza. Kisha akauliza, taratibu sasa, "Na huyu kanga, chini yake kuna nani?"

"Chini ya kanga kuna nguruwe. Mnene, sikumpenda miguu. Njoo huku."

Nikampitisha kwenye zote kumi na mbili, ukumbi mzima nyuma yetu. Sikusahau hata mnyama mmoja. Mjukuu wangu alitufuata na kalamu, kila karatasi iliyobandikwa chini ya picha anaongeza jina la mnyama aliyefunikwa. Mwandiko wake ulianza mdogo, kama wa kujificha. Tulipofika kwa mbwa wa sikio moja ulikuwa unasomeka toka mlangoni.

Mwisho mkuu akasema anamtaka fisi, amtundike ofisini kwake.

"Mchukue," nikamwambia. "Na siku ukitembelewa na mgeni mkubwa, niite. Nitakuja na ndoo yangu."

"Hapana, Bibi!" mke mwenzangu akapiga kelele kutoka kwenye kona, na safari hii alikuwa anacheka.