Birika Kwanza, Seva Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya serikali ya mtaa kule Pumwani, nilipewa kitambaa kikavu nikaambiwa nisithubutu kukilowesha. Sikuwa nimesoma sana. Fundi Mkuu wa Kompyuta hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama nikiambiwa nasikia. Nikamwambia nasikia. Akanionyesha seva, ile kompyuta isiyo na kioo inayowatunzia wengine wote kumbukumbu: leseni, vibanda, majina ya watu.

"Hii ikifa, mama, mtaa mzima umepoteza akili," akasema.

Vumbi, feni, nyaya, swichi: hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Na sheria moja kubwa. Stima ya huku ikipotea hurudi na hasira, inaruka na kuunguza vitu. Kwa hivyo ikirudi, unachomeka birika la chai la umeme kwanza. Likichemka vizuri, stima imetulia, washa seva. Likiungua, umepoteza birika tu.

Nilipohamishiwa ofisi ya mtaa wa Umoja nilikabidhiwa ufunguo wa chumba cha seva. Asubuhi moja stima ikapotea, na betri ya akiba ilikuwa imekufa kitambo. Akaingia Mama Ndunge, jirani yangu. Tumelea watoto pamoja, tumezika pamoja. Leseni ya kibanda chake cha mboga ilikuwa imeharibiwa na mvua, na askari walikuwa wameanza kubomoa vibanda visivyo na leseni, wakimkaribia. Alitaka karatasi nyingine tu. Jina lake lilikuwa ndani ya seva. Msimamizi wa Ofisi aliwapigia askari simu wamngoje. Wakasema wanataka karatasi, si simu.

Stima ikarudi. Watoto wa ploti za jirani wakashangilia mpaka tukawasikia. Nikachomeka birika.

Msimamizi akasimama mlangoni. "Mama Kioko, watu wanabomolewa na wewe unapika chai?"

"Napima stima, mkubwa."

"Washa hiyo mashine."

"Maji yachemke kwanza."

Mama Ndunge hakupiga kelele. Alisema polepole, wote wakasikia: "Na hiyo chai nitainywea wapi, Mama Kioko?"

Nilisimama mbele ya swichi, mgongo umeloa jasho. Ukitaka kujua maji yanavyochelewa kuchemka, yangoje na mtu analia nyuma yako. Ndani ya ile mashine alikuwamo kila mchuuzi wa mtaa, si yeye peke yake.

Maji yakachemka. Hakuna kilichoungua, siku hiyo stima haikuwa na neno. Nikawasha seva, nayo huamka pole kama mgonjwa. Karatasi ilipotoka, Mama Ndunge aliinyakua akakimbia. Alikuta mabati yake yako juu ya lori na nyanya zimekanyagwa.

Fundi Mkuu aliposikia alinisifu. Msimamizi hakuniongelesha tena mpaka alipohamishwa. Sikuomba msamaha, na hata leo siombi. Ningechomeka birika lile lile.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii, shikeni sheria. Lakini msidhani mkiishika vizuri basi hakuna atakayeumia. Hilo sikufundishwa na mtu.

Sasa nimestaafu. Mama Ndunge alijenga kibanda kingine, nami sukuma wiki yangu hununua kwake. Ananikatia nyembamba nipendavyo, ananiongezea majani ya dania bila kuombwa. Jina langu tu ndilo haliiti tena. Ananiita kastoma.