Gundi ya Siku Mbili

Fundi seremala wa mtaa wetu tulimwita Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu alilompa kila mteja. Kabati? Kesho. Mguu wa meza? Kesho. Alikuwa na miaka hamsini na ushee, mikono imejaa makovu ya patasi, na vumbi la mbao halikumtoka masikioni hata siku ya mapumziko. Kazi yake ilikuwa safi. Ahadi zake ndizo zilizokuwa na mchwa.

Mwalimu wa muziki alimpelekea selo yake, ile fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa, ameibana kati ya magoti. Ilikuwa imeanguka kwenye ngazi, ubao wa mbele ukaachana na ubavu kwa urefu wa kiganja. Fundi aliigonga kwa kidole, akatega sikio.

"Gundi inataka siku tatu ndani ya jiliwa, imebanwa. Isiguswe."

Na kweli haikuguswa. Wiki nzima ilikaa kwenye kona bila gundi wala jiliwa, fundi akimalizia kitanda cha bwana arusi. Aliikumbuka Alhamisi asubuhi, akaipaka gundi, akaibana. Jumamosi asubuhi mwalimu akatokea mlangoni.

"Usiniambie kesho," alisema hata kabla ya salamu. "Onyesho ni leo saa kumi na moja. Imekauka?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. "Mwalimu, umepotea njia," mmoja akasema. "Kabati langu mimi limeshaota mizizi humu."

Fundi akaona haya. "Imekauka," akasema. "Siku tatu kamili."

Mtu huyu alikuwa amezoea kuchelewesha watu, na kuchelewesha ni kosa. Lakini siku hiyo alitia uongo juu ya kosa, kwa kuogopa kuchekwa na watu wawili wa benchi. Mwalimu, kwa furaha, akampa kadi mbili za viti vya mbele.

Jioni nilikaa nyuma ya fundi na mkewe katika ukumbi wa chuo. Mkewe alikuwa amevaa vizuri.

"Hujanitoa nje tangu kitinda mimba azaliwe," alimwambia mumewe. "Leo umenitoa, na umekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino."

"Nyamaza, mama watoto. Wanaanza."

Piano ilitangulia, taratibu, kisha selo ikaingia kwa sauti nzito kama mwanamume anayejizuia kulia. Nikawatazama wasikilizaji. Karani wa posta alitikisa kichwa, lakini si kwa mapigo yaliyokuwa yakipigwa. Bibi mmoja alifumba macho, na kinywa chake kikafunguka chenyewe. Wengine walichungulia nyuso za jirani zao wajue wavae sura gani. Kulia kwa fundi alikaa mkaguzi wa shule mstaafu, aliyekuwa anaeleza kila kitu kwa mnong'ono: hapa ni huzuni, hapa ni matumaini, hapa ni huzuni tena.

Fundi peke yake hakuwa na habari na mtu. Aliinama mbele, jasho likimtiririka, macho kwenye ubavu wa selo. Mwalimu alipobonyeza upinde kwa nguvu, yeye alibana meno. Sauti ilipopanda, chozi likamtoka.

Mkaguzi akamwinamia mke wa fundi. "Mama, mume wako ana masikio. Wachache sana wanaingia ndani ya muziki namna hii."

"Huyu?" mke akashangaa. "Huyu redio ikizimwa hana habari."

Sehemu ya kwanza ikaisha. Ukumbi ukatulia, na katika utulivu ule pakasikika: ka!

Fundi akaruka wima. "Iweke chini, mwalimu! Ni mimi! Ni siku mbili!"

Watu wote wakageuka. Mkaguzi alikuwa ameshika kasha la miwani alilolifunga wakati huohuo, na sasa hakujua alifiche wapi.

"Siku mbili?" mwalimu akauliza.

"Tangu Alhamisi. Nilikudanganya. Niliona aibu mbele ya watu."

"Na sasa hapa hakuna watu?" mkewe akamvuta shati. "Kaa chini, baba!"

Mwalimu alipitisha kidole kwenye kiungo. "Naona imeshika. Lakini wewe ndiye fundi. Niendelee?"

Angeweza kusema endelea, akarudi kukaa na heshima yake nusu. Badala yake alipanda jukwaani, akapiga magoti, akabonyeza ubao kwa gumba, akaugonga, akasikiliza.

"Zimebaki ngapi?"

"Mbili. Inayofuata ni ya polepole. Ya mwisho ndiyo yenye fujo."

"Piga ya polepole. Ya fujo acha."

Mpiga piano akafunga kurasa za mwisho bila ubishi. Fundi alikaa sakafuni, hatua moja kutoka kwenye selo, na sehemu ya pili ikaanza.

Sijapata kuona watu wakisikiliza vile. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyemtazama jirani. Kila mmoja alikuwa ametega sikio asikie mbao zikiachana, na kwa kutega hivyo wakasikia kila noti hadi ya mwisho. Ilipokwisha walishusha pumzi kwa pamoja, kisha wakapiga makofi hadi viganja vikauma. Mkaguzi alimweleza karani kuwa wataalamu hupendelea sonata ya sehemu mbili. Yule bibi wa kufumba macho alisema kilichompendeza zaidi ni pale fundi alipopaza sauti, na akauliza kama hufanya hivyo kila onyesho.

Mwalimu alishuka na selo, akaiweka mikononi mwa fundi mbele ya watu wote.

"Naiacha kwako. Siku tatu, siyo?"

Fundi aliitazama, akamtazama mkewe, akahesabu kazi zilizokuwa zikimngoja.

"Nne," akasema.