Pua ya Suzana

Watu wa Mwanza tuna adabu inayoua. Niliiona ikifanya kazi yake viwanja vya Furahisha, kwenye maonyesho ya wajasiriamali, meza yangu ya vikapu ikiwa imepakana na ya mzee Machibya.

Machibya hutengeneza mikanda na pochi za ngozi ya sangara. Ngozi anazichukua soko la samaki la Mwaloni, anazikwangua magamba na mafuta, anaziloweka kwenye maji ya magome, anazishona kwa mkono. Kazi safi, na mimi si mtu wa kusifu ovyo. Lakini mafuta yakibaki hata kidogo, ngozi ikipigwa jua inanuka, na yeye hasikii harufu. Ugonjwa ule wa wakati wa barakoa ulimwachia uhai ukamnyang'anya pua. Tangu hapo mkewe Suzana ndiye aliyenusa kila kitu kabla hakijatoka nyumbani kwao Igombe. Kilichonuka alikitupa. Waligombana, na kilibaki kimetupwa. Mwaka huu, kabla ya masika, Suzana alifariki kwa presha, na haya yalikuwa maonyesho ya kwanza ya Machibya peke yake.

Siku ya kwanza hakuuza kitu. Wateja walishika pochi, wakaisogeza usoni, wakairudisha mezani. "Nzuri sana, mzee. Nitapita baadaye." Dada mmoja aliisifu huku amejiziba pua kwa mtandio. Nilitamani nimrushie kikapu. Machibya aliwashukuru wote, akazipanga upya pochi zake, akidhani kosa ni mpangilio.

Siku ya pili jua lilichoma turubai tangu asubuhi. Nilipomwamkia, aliitikia marahaba kwa sauti ya mgonjwa.

"Mama Najat, nisipouza hapa nauza vifaa vyangu. Naenda Sengerema kuchunga ng'ombe za mdogo wangu. Labda mikono imezeeka."

Mikono! Hapo uvumilivu ukanishinda.

"Mzee, mikono haina kosa. Vitu vyako vinanuka."

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Vyote?"

"Sijui. Lakini samaki mmoja akioza, wote wameoza."

Akasukuma bidhaa zote upande wangu. "Basi nusa wewe. Usinionee huruma."

Nikanusa kimoja kimoja. Vinavyonuka niliviweka kulia, vizima kushoto. Lundo la kulia lilipanda mpaka likaanza kumwagika chini. Kushoto vilibaki pochi moja na mikanda michache. Machibya alivigeuzageuza na kuvitambua. Ilikuwa kazi ya mwaka jana, iliyopita puani kwa Suzana. Vyote alivyotengeneza tangu amzike mkewe vilikuwa kulia.

"Wabeja," alisema, ndiyo asante yao Wasukuma, na ilinichoma kuliko kama angenitukana. Akaanza kufungasha. Mezani alikuwa ametandika kitenge cha zambarau ambacho Suzana alikuwa akijifunga kila wakija kuuza. Alikikunja taratibu, kisha akanipa.

"Na hiki? Sijakifua tangu aondoke. Bado kinamnukia yeye?"

Nilikiweka puani. Nilitafuta sabuni, moshi wa jikoni, mafuta ya nywele, chochote cha yule mama. Lakini ngozi zile zilikuwa zikifungwa ndani yake tangu msiba. Uongo ulikuwa mdomoni tayari, mtamu kabisa, na naapa nilitaka kuutoa. Lakini mtu huyu alikuwa amezungukwa na waongo wenye adabu tangu jana, na mimi ndiye niliyeombwa nisimwonee huruma.

"Samaki, mzee."

"Hata kidogo hakuna?"

"Samaki tu."

Alikipokea. Alisimama nacho katikati ya yale malundo mawili, akikipapasa pindo, kisha akakiweka kulia.